Mfumo Umegoma, Nami Niko Mbaha

Tulimzika mama mkwe siku ya Jumanne, na mvua ikaanza kabla wanaume hawajamaliza kurudishia udongo. Ikanyesha Jumanne yote, ikanyesha Jumatano, na ilipofika Alhamisi asubuhi mto ulio kusini mwa kijiji ulikuwa umepanda hadi juu ya daraja. Habari zikaja kwamba hakuna gari litakalovuka, wala pikipiki. Sisi tuliotoka Mbinga kuja kuzika tukawa tumefungiwa Mbaha pamoja na wenyeji, ziwa mbele, mlima nyuma, maji ya mto ubavuni. Hakuna aliyelalamika. Utalalamikaje kwamba umekwama msibani?

Mimi si mtu wa ziwani. Nimezaliwa Mkumbi, kwenye kahawa na baridi, na Mbaha ni ukweni kwangu. Wanawake waliojaa ndani ya nyumba ile walizungumza Kinyasa, nami nilidaka neno moja moja, hasa yale yanayokaribiana na Kimatengo. Walipotaka niwaelewe waligeuza Kiswahili, na walipogeuza Kiswahili nilijua ni kazi: kuni, sufuria, muhogo wa kutwanga. Sikuchukia. Mkwe akifika msibani mahali pake ni jikoni, na mpaka matanga yaanuliwe hatoki nje ya uwanja bila kusema aendako. Aliyepaswa kuambiwa alikuwa wifi yangu mkubwa, binti wa kwanza wa marehemu, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Katika miaka tisa ya ndoa yangu sikuwahi kumwona akinicheka wala akinichekea.

Huko juu Mbinga ninafanya kazi katika hospitali ya misheni. Mimi ndiye mtu wa kompyuta, na niko peke yangu. Hospitali iliacha mafaili ya karatasi miaka michache iliyopita. Siku hizi mgonjwa anabeba kadi ndogo yenye namba, na mengine yote, kuanzia vipimo hadi dawa anazokunywa, yamo ndani ya kompyuta moja kubwa iliyowekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya dawa. Hiyo ndiyo seva. Kompyuta za mapokezi, za daktari, za maabara na za dirisha la dawa zote huiuliza seva, nayo hujibu kwa kuziletea ukurasa wa mgonjwa. Ikinyamaza, daktari anabaki akimtazama mgonjwa usoni kama wamekutana njiani.

Neno la siri la kuingilia ndani ya seva nililijua mimi tu. Nitaeleza kwa nini, ingawa sipendi. Mfumo ulipokuwa mpya kulikuwa na kikao ambacho ofisa mmoja wa utawala alisema mbele ya watu kwamba kazi hii ingefaa apewe mwanamume kutoka mjini, mimi nisaidie kuchapa barua. Nilirudi stoo nikabadilisha neno la siri, na neno nililoliweka nililiweka kwa hasira. Tangu hapo hakuna kilichowezekana bila mimi. Nikipigiwa simu nikiwa kanisani, nilitoka. Nikipigiwa nikiwa na homa kitandani, niliamka. Watu walinionea huruma, nami niliipenda huruma ile, kwa sababu ndani yake kulikuwa na heshima. Sikuona kwamba nilikuwa nimejifungia ndani na kumeza ufunguo.

Pale msibani mtandao wa simu haukuwapo, isipokuwa kwenye kona moja ya jiko, ambapo ungeweza kupokea ujumbe lakini si kuongea. Alhamisi hiyo, kama saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimeinama nachochea moto wakati simu ilipotetemeka kwenye pindo la kanga mara nne mfululizo. Jumbe zote zilitoka kwa Sista wa mapokezi. Wa kwanza ulisema mfumo unazunguka tu, haufunguki. Wa pili ulisema ameizima seva ukutani na kuiwasha, bado. Wa tatu, amezima tena. Wa nne ulisema: "Watu wamejaa. Leo kliniki ya presha na sukari. Tufanyeje?"

Ule wa tatu ulinitia baridi. Seva inayokatiwa umeme ghafla ni kama mtu anayevutwa mkono katikati ya kuandika. Mara nyingi ukurasa unapona. Mara nyingine hauponi. Na watu wa kliniki ya presha na sukari wengi ni wazee. Ukimuuliza mzee anakunywa dawa gani atakwambia kile kidonge cheupe, na vidonge vyeupe viko vya kila ugonjwa.

Nilinawa mikono, nikamfuata wifi alipoketi na wanawake wenzake sebuleni. Nikapiga goti.

"Wifi, naomba nipande mlimani kwenye tenki la maji nikapige simu ya kazini. Hospitali imekwama."

Akanitazama. "Hapa napo tumekwama," akasema. "Mama ana siku mbili ardhini."

Kisha akawaambia wengine kitu kwa Kinyasa, nao wakanigeukia wote. Sikulielewa hata neno moja, na sikuhitaji.

Nikarudi jikoni. Nilijitahidi kutulia. Nilijiambia kwamba watu walikuwa wakitibiwa kabla ya kompyuta, kwamba Sista atatafuta madaftari, kwamba mume wangu akiona ninatoroka matanga ya mama yake nitamjibu nini. Simu ikatetemeka tena. Safari hii ujumbe ulikuwa na neno moja tu: "Mwanangu."

Nikachukua ndoo, nikasema naenda kuteka maji. Bomba lilikuwa njiani, chini kidogo ya mlima wenye tenki la saruji la maji ya kijiji. Niliiweka ndoo chini ya bomba, nikafungulia maji, nikaiacha. Nilipanda mlima ule nikiteleza, kanga imelowa mpaka magotini. Kijiji kizima huenda pale kupiga simu. Lazima usimame ukiegemea ukuta wa tenki upande unaotazama Liuli. Ukikaa, mtandao unakatika. Na wenyewe ni mtandao wa kuongea tu. Intaneti haifiki, kwa hiyo nisingeweza kuigusa seva kwa mkono wangu. Mikono ingekuwa ya Sista.

Sista ana umri wa kuwa mama yangu. Ndiye aliyesimamia chumba cha mafaili ya karatasi kabla hakijafungwa, na kompyuta alikubali kuijua kiasi cha kazi yake ya mapokezi, hakuvuka hapo. Nilimsalimu, Shikamoo Sista, akaitikia Marahaba haraka kuliko kawaida yake. Nyuma yake nilisikia watu wengi.

Nikamtuma stoo. Nikamuuliza taa ya seva inawaka? Inawaka. Feni inavuma? Inavuma. Basi nikafikiri ni waya. Miezi miwili nyuma panya walitafuna kebo mojawapo, na wazo hilo likanikaa kichwani likagoma kutoka. Nilimwambia afuate kila waya, achomoe achomeke, ahesabu taa za kijani kwenye kile kiboksi cha ukutani. Mtu mzima yule alipiga magoti kwenye vumbi, akapenya chini ya meza, nikawa namsikia akihema. Waya zote zilikuwa nzima. Tulipoteza karibu dakika arobaini kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Ndipo nikamwambia awashe skrini ya seva yenyewe. Akasoma alichokiona: maandishi meupe kwenye weusi, yanaomba jina. Kumbe ilikuwa hai. Ilikuwa macho, ila haijibu. Ili kujua inaumwa nini ilibidi Sista aingie ndani, na kuingia ndani kulitaka neno la siri.

Nikaanza kumtajia herufi moja moja. Akaandika, akasema kibodi imekufa, anabonyeza hakuna kinachotokea. Nikamweleza kwamba ndivyo ilivyo, neno la siri halionekani linapoandikwa. Akajaribu, likakataliwa. Akajaribu tena, likakataliwa.

"Ngoja niliandike kwenye karatasi kwanza," akasema. "Nitaje polepole."

Nikataja. N ya nyumba. I. K ya kanisa. Nilikuwa napaza sauti kwa sababu ya upepo. Nikafika mwisho. Kisha Sista akalisoma lote kwa pamoja, kama mtu anayemsomea mwingine barua.

"Nikiondoka mtaona."

"Ndiyo, Sista."

"Hili ndilo neno."

"Ndilo."

Nilisikia vitufe vikigongwa kimoja kimoja, taratibu. Manyunyu yalikuwa yakinipiga usoni na bado uso wangu ulikuwa wa moto. Nilikuwa nimeondoka, na wao walikuwa wameona. Waliokuwa wameona ni wazee wa presha kwenye mabenchi, si yule ofisa wa kikao.

"Imekubali," akasema.

Nikamtajia amri fupi ya kuiuliza seva diski, ghala lake la kumbukumbu, imejaa kiasi gani. Herufi mbili, nafasi, kistari, herufi moja. Akauliza nafasi ni ipi, nikamwambia kile kitufe kirefu cha chini. Akasoma mistari iliyotokea. Asilimia tatu. Asilimia kumi na mbili. Asilimia mia moja.

Nikakaa chini, na mtandao ukakatika.

Nilipokuwa nimekaa pale kwenye tope nilikumbuka kila kitu. Wiki mbili kabla, watu wa mapokezi walilalamika kwamba mfumo ni mzito. Ili kumjua mchawi niliiamuru seva iandike kila inachofanya, kila swali inaloulizwa na kila jibu inalotoa. Niliupata ubovu siku hiyohiyo, nikautengeneza, nikapongezwa. Ila sikuiambia seva iache kuandika. Ikaandika usiku na mchana kwa wiki mbili, mpaka diski ikajaa, pasibaki hata mahali pa kuandika kwamba mgonjwa fulani amefika. Kuizima na kuiwasha kusingesaidia kitu. Iliamka ikiwa imejaa vilevile.

Nikasimama, nikapiga tena. Nikamwambia Sista kwamba diski imejaa na kwamba tutaondoa kilichoijaza.

"Nani ameijaza?" akauliza.

Hakuna ambaye angejua. Ningeweza kusema ni mfumo, na kila mtu angekubali, maana mfumo hulaumiwa kwa kila kitu na haujitetei.

"Ni mimi, Sista. Niliisahau."

"Haya," akasema. "Tuendelee."

Simu yangu ilibakiwa na asilimia nne za chaji. Nikaanza kumtajia amri ya kufuta, nikimwambia asibonyeze kitufe cha kukubali mpaka anisomee yote. Nilikuwa nimesema neno "futa" kama mara tatu, kwa sauti, niliposikia mtu nyuma yangu.

Wifi alikuwa amesimama kwenye kona ya tenki, amejitanda kanga kichwani, ndoo yangu ya maji mkononi. Sijui alisimama pale tangu lini. Nadhani alipoikuta ndoo inafurika peke yake alidhani nimekuja kuongea na mwanamume. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana.

"Unafuta nini?" akauliza. "Mama alitibiwa hapo kwenu. Mama yumo humo?"

Nilikuwa sijalifikiria. Mama mkwe alipelekwa pale mara mbili mwaka ule, na mimi mwenyewe ndiye niliyemshika mkono hadi mapokezi. Uzito wake ulikuwamo, presha yake, maneno ya daktari, tarehe ya kurudi ambayo hakurudi.

"Yumo, wifi."

"Basi usimfute."

Nikamweleza kwa haraka, kwa maneno ya kawaida, kwamba ninachofuta si wagonjwa. Ni daftari ambalo mashine imekuwa ikijiandikia habari zake yenyewe, na daftari limejaza chumba mpaka wagonjwa wamekosa pa kukaa. Alinisikiliza huku akinitazama mdomo. Simu ikatoa mlio wa kuishiwa.

Wifi akaitua ndoo, akapeleka mkono kifuani, akatoa kitochi chake, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. "Hiki kina chaji ya wiki nzima," akasema. "Niandikie hiyo namba."

Nilinakili namba ya Sista kabla simu yangu haijazima, nikampigia kwa kitochi. Alikuwa bado ameketi mbele ya skrini, ile amri imeandikwa nusu. Tukaimalizia. Nikamwomba anisomee herufi kwa herufi, pamoja na kila nafasi. Akasoma. Katikati ya njia ya kulifikia faili akasema, "kisha nafasi."

"Hapana, Sista. Hapo hakuna nafasi."

"Mimi nimeweka."

"Usibonyeze kitu. Ondoa mkono kwenye kibodi kabisa."

Kwa nafasi ile moja mashine ingesoma njia mbili badala ya moja, na kwenye ya kwanza ingefuta kila kitu ilichokikuta. Nilimwongoza kurudi nyuma hatua kwa hatua, akairekebisha, akasoma upya. Nikamwambia asome mara ya tatu. Wifi alikuwa ameshikilia ncha ya kanga yake juu ya kitochi kisilowe, na uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa.

"Bonyeza," nikasema.

Tukauliza tena diski imejaa kiasi gani. Asilimia arobaini na moja. Nikamwelekeza kuiambia seva iache ile tabia ya kuandika kila kitu, kisha aizime kwa amri, si ukutani, na aiwashe. Hapo ndipo kulikuwa na kungoja. Seva iliyokatiwa umeme mara mbili ikiamka hujikagua kwanza, na sikuwa na namna ya kujua itakuta nini. Sista aliniambia maandishi yanapita mbio hawezi kuyasoma. Nikamwambia ayaache. Wifi akaniuliza kwa kunong'ona, bado? Nikatikisa kichwa. Chini tuliliona turubai la wanaume, na moshi wa jiko nililoliacha, na mtu mmoja akitoka jikoni akiangalia huku na huku.

Nilisikia mlango wa stoo ukifunguliwa, na sauti ya muuguzi wa mapokezi ikisema kwamba imefunguka. Nikamwomba Sista aende mwenyewe, atafute mgonjwa yeyote aliyehudumiwa jana, aone kama taarifa zake ziko kamili. Akaenda. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alisema ziko. Kisha akaongeza kwamba mzee mmoja kutoka Tingi alikuwa wa kwanza kwenye benchi tangu alfajiri, na nusu saa iliyopita alikata tamaa akaondoka.

Nilimshukuru, nikakata simu.

Tulishuka mlima bila haraka, wifi mbele. Karibu na bomba alisimama kubadilisha ndoo mkono.

"Lile neno ulilokuwa unamtajia Sista," akasema, "nimelisikia, herufi kwa herufi."

Nikasema nilikuwa na hasira nilipoliweka.

"Mimi nimekaa na mama miaka yote hii," akasema. "Wenzangu wameolewa Songea, wameolewa Mbinga. Sikuwahi kuondoka hata nikaona kama wangeona."

Akaichukua ndoo, tukaendelea. Tulipofika uwanjani, mwanamke mmoja akauliza tulikuwa wapi. Wifi akamjibu kwa Kinyasa, maneno mawili matatu, na hakuna aliyeniuliza tena. Mpaka leo sijui alimwambia nini. Alasiri ile alikuja akakaa nami jikoni, tukatwanga muhogo pamoja.

Mto ulishuka Jumapili, baada ya matanga kuanuliwa. Jumatatu nilikwenda kwa utawala nikaeleza yote, pamoja na sehemu ya kusahau. Ofisa yule wa kikao alikuwapo. Nilijiandaa kwa maneno makali. Aliuliza tu nani mwingine anaweza kuingia kwenye seva nisipokuwapo, nikamjibu hakuna, akaandika kwenye karatasi yake. Lilikuwa swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe tangu mwanzo. Neno la siri likabadilishwa. Jipya liliandikwa, likatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa na kuwekwa katika kabati la chuma la ofisi. Na nikaagizwa nimfundishe mtu mmoja. Sista akasema ni yeye.

Mzee wa Tingi alirudi wiki iliyofuata, lakini alirudi akiwa amebebwa. Kidonge kilikuwa kimemwishia siku ile ile aliyotugeuzia mgongo. Alilazwa siku tatu, akapata nafuu. Nilimpelekea uji mara moja. Hakujua mimi ni nani, nami nilishindwa kumwambia.

Kumfundisha Sista kulichukua muda. Alinunua daftari la mistari, akawa anaandika kila amri kwa penseli, na kila penye nafasi anachora kiduara kidogo ili asikosee. Kuna siku nilichoka, nikamwambia hayo mengine aniachie mimi. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Ndivyo ulivyoanza." Tukaendelea.

Mwezi wa tatu au wa nne baada ya msiba nilikwenda Mkumbi kumwona mama yangu, nikakaa siku mbili. Nilikuwa nachungulia simu kila mara, haikulia. Niliporudi kazini nilikuta daftari la Sista limefunguliwa juu ya meza ya stoo, kando ya seva. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mitatu ya penseli: diski ilifika asilimia tisini na moja, nimeondoa habari za zamani za mashine, sikumsumbua.

Nilisoma, nikaangalia diski mwenyewe kuhakikisha, nikakuta ni kweli. Kwanza niliona wivu. Ulikuwa wivu wa kweli, siwezi kuuita jina jingine. Kisha nikaenda mapokezi kumsalimu, nikamkuta anamtafutia mama mmoja namba ya kadi, na foleni inasogea.